Kasese: Nchi ya Mlima na Watu Wake

Barua ya uhamisho humweleza askari siku ya kuripoti, jina la kituo na cheo cha mkuu atakayempokea. Haimwelezi nchi. Na endapo kituo hicho kipo katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, upungufu huo si mdogo, kwani ni wilaya chache ambazo ardhi yenyewe na kumbukumbu za wakazi wake huingia katika kazi ya askari kila siku kama zifanyavyo huko. Jioni hii, kwa hiyo, tumekusudia kuzungumza juu ya Kasese: mlima wake, mpaka wake wa Bwera, mito yake, na watu ambao askari wa jeshi na wa polisi huishi kati yao.

Tuanzie Rukoki, ambako ndiko yaliko makao makuu ya wilaya, kandokando ya mji wa Kasese. Mtu asimamaye Rukoki akaelekeza uso wake magharibi huona ukuta wa milima uliopanda ghafla bila vilima vya kuutangulia. Akigeuka mashariki huona uwanda mpana wa nyasi na miiba, unaoteremka polepole hadi Ziwa George. Uwanda huo uko kwenye kimo cha meta 900 hadi 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika safu ya Rwenzori, kina meta 5,109. Baina ya joto la uwanda na barafu ya kilele hapana hata kilometa 40 kwa mstari ulionyooka. Hakuna mahali pengine Uganda ambapo nchi hubadilika upesi namna hiyo, na mengi tutakayoyasema hapa chanzo chake ni jambo hilo moja.

Watu wengi hudhani kwamba Rwenzori ni volkano iliyozimika, kama Kilimanjaro, Kenya au Elgoni. Sivyo. Rwenzori ni bonge la miamba ya kale mno lililosukumwa juu baina ya nyufa za Bonde la Ufa la Magharibi, huku ardhi ya pande zake ikididimia. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kilometa zipatazo 120. Nyufa hizo hazijatulia hata leo. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa la ardhi lilizipiga nchi za Toro na Bwamba na kuua watu zaidi ya 100, na wakazi wa huko bado hushtuka usingizini mara kwa mara kwa mitetemo midogo ambayo mgeni huisikia kwa hofu kubwa.

Wagiriki wa kale walisikia habari za milima yenye theluji katikati ya Afrika, ikalishayo mto Naili, nao wakaiita Milima ya Mwezi. Henry Morton Stanley aliiona theluji hiyo mwaka 1888, baada ya Wazungu wengine kupita karibu bila kuiona kwa sababu ya mawingu. Mwaka 1906 mwanamfalme mmoja wa Italia, aitwaye Duke wa Abruzzi, alifika vileleni na kuvipa majina ya kwao. Margherita lilikuwa jina la malkia wa Italia. Lakini wenyeji hawakuwa wakimngoja Mwitalia ili mlima upate jina. Kwa lugha ya Wakonzo theluji ni nzururu, na kutoka neno hilo yametokana majina ya Rwenzori na Rwenzururu. Kwa imani yao ya asili huko juu ndiko aliko Kithasamba, mwenye enzi juu ya mlima na watu wake, na kwa wazee wengi mlima haukuwa mahali pa kutembelewa kwa ajili ya starehe.

Barafu hiyo sasa inapungua haraka. Wakati wa safari ya mwaka 1906 palikuwa na mito ya barafu 43 yenye majina, juu ya milima sita ya safu hiyo, ikifunika kilometa za mraba kama 7.5. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imebaki juu ya milima mitatu tu, na eneo lake lilikuwa kilometa za mraba 1.5 hivi. Mzee wa Kilembe au Ibanda haihitaji takwimu hiyo. Yeye hutazama juu asubuhi yenye anga safi, akaona jiwe jeusi pale ambapo baba yake alimwonyesha weupe.

Askari aendaye doria mlimani yafaa ajue mpango wa nchi hiyo tangu chini hadi juu. Kwanza hupita mashamba: muhogo, maharage na ndizi, na kahawa kwenye miteremko. Kisha huingia msitu mzito, halafu mianzi, halafu miti ya baridi iliyofunikwa kuvu, na mwisho mabonde yenye matope marefu ambamo huota mimea mikubwa ya ajabu isiyofanana na kitu chochote cha chini. Tangu mwaka 1991 sehemu ya juu ni Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Aliyeondoka Kasese mchana akitokwa jasho anaweza kulala usiku wake akitetemeka. Mawingu hushuka kabla ya adhuhuri. Redio ya mawasiliano iliyosikika vizuri mgongoni mwa kilima hunyamaza kimya bondeni. Njia zilizo kwenye ramani ni chache, na njia zilizo kichwani mwa mkulima wa huko ni nyingi mno. Tofauti hiyo imewagharimu maisha askari wa serikali zaidi ya moja tangu wakati wa Mwingereza.

Sasa tuje kwa watu wenyewe. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu wakazi zaidi ya 690,000 katika wilaya ya Kasese. Wengi wao ni Wakonzo, wakulima wa mlimani. Uwandani wako Wasongora, ambao ni wafugaji wa ng'ombe tangu kale, na Wanyabindi, na Watoro. Mjini Kasese na Kilembe utawakuta watu wa kila kabila la Uganda, waliokuja kufuata shaba na reli, wakazaa na kuzeeka huko.

Jambo la kwanza ambalo askari wa polisi hana budi kulifahamu ni namna Wakonzo wanavyopeana majina. Mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Kwa kawaida mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Mumbere au Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Yako na majina mengine ya badala, lakini huo ndio msingi wake. Simama katikati ya soko la Bwera uite "Masereka!" nawe utageukiwa na wanaume wasiohesabika, na kila mmoja atakuwa ameitika kwa haki.

Jambo hili laweza kuonekana la kuchekesha mpaka litazamwe kutoka ndani ya kituo cha polisi. Mtoa habari akisema kwamba mhalifu ni Bwambale, hajasema mengi zaidi ya kwamba mama fulani alizaa mtoto wa kiume wa pili. Polisi anayetoka usiku na jina hilo peke yake atamrudisha Bwambale, hapana shaka, lakini uwezekano kwamba ni yule anayetakiwa ni mdogo. Atakuwa amemlaza mahabusu mtu asiye na kosa, amemtahadharisha mwenye kosa, na amewapa jamaa ishirini sababu ya kutomwambia polisi neno lolote tena. Hapana budi kuandika jina la ubatizo au la dini, jina la baba, ukoo, kijiji na kilima. Dakika tano za kuuliza hayo si kupoteza wakati.

Na mambo hayaishii hapo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, wanaishi ndugu wa Wakonzo waitwao Wanande. Lugha yao ni karibu moja, na majina yao hufuata utaratibu ule ule, ila matamshi hugeuka kidogo: Bwambale huwa Kambale, Masereka huwa Kasereka, Kule huwa Kakule, Thembo huwa Katembo. Mtu mmoja anaweza kuandikwa Bwambale katika karatasi za Bwera na Kambale katika karatasi za Kasindi, naye hajadanganya mahali popote. Wengine ni ndugu wa baba mmoja. Mpaka uliothibitishwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 ulipita kati ya mashamba ya watu hawa, wala hawakuulizwa.

Ndugu msikilizaji, historia ya watu wa mlima ni ndefu, nasi tutaipitia kwa kadiri inavyomhusu askari. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, wa Kampuni ya Waingereza, alimrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Toro, na mkataba wa mwaka 1900 ukauimarisha ufalme huo. Wakonzo na Waamba wa milimani walijikuta wamewekwa chini ya machifu wa Toro na kulipa kodi kwao. Kati ya mwaka 1919 na 1921 waliasi wakiongozwa na Nyamutswa, pamoja na wenzake Tibamwenda na Kapolya. Waingereza waliwakamata na kuwanyonga. Majina hayo matatu bado hutajwa mlimani kama yaliyotukia juzi.

Uhuru ulipokaribia, manung'uniko yakarudi upya. Shule zilikuwa chache huko juu, lugha ya Wakonzo haikufundishwa wala kutumika katika ofisi, na katika baraza la Toro wawakilishi wao walijiona wageni. Mwaka 1962 Isaya Mukirania na wenzake, Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, walitoka barazani, wakadai wilaya yao wenyewe. Madai yalikataliwa. Likazaliwa vuguvugu la Rwenzururu, na Februari 1963 serikali ikatangaza hali ya hatari. Mukirania alipanda mlimani akaunda utawala kamili, wenye bendera, kodi, mahakama na shule, akajiita mfalme. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, ambaye alikuwa bado mvulana, akashika nafasi yake tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo.

Utawala huo wa mlimani uliishi miaka ishirini. Serikali zilizofuatana Kampala zilipeleka vikosi, vikachoma nyumba na ghala za mavuno, vikarudi. Watu walihama kutoka kilima hadi kilima, au wakavuka kwenda Kongo kwa jamaa zao. Mwaka 1974 ombi la tangu zamani lilitekelezwa nusu yake: nchi ya Wakonzo na Waamba ilitengwa na Toro zikawa wilaya mbili, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Lakini kilichowashusha watu mlimani hatimaye ni mazungumzo. Agosti 1982 Mumbere alitelemka Kasese pamoja na wafuasi wake, wakakabidhi silaha zao mbele ya halaiki ya watu, baada ya mapatano na serikali ya Rais Obote. Baadaye alikwenda Marekani, akaishi huko miaka mingi akiwauguza wazee. Mwaka 2009 serikali ya Rais Museveni ililitambua Rwenzururu kuwa taasisi ya kimila, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo Omusinga, yaani mfalme, alitawazwa mbele ya Rais mwenyewe.

Ingependeza kama habari zingeishia hapo. Hazikuishia. Tarehe 5 Julai 2014 makundi ya vijana wenye mapanga na mikuki, na bunduki chache, yalivamia vituo vya polisi na vya jeshi katika Kasese, Bundibugyo na Ntoroko kwa siku moja. Watu wengi waliuawa, askari na raia, na wengi wa waliokufa walikuwa washambuliaji wenyewe. Kisha ikaja Novemba 2016. Jumamosi tarehe 26 palizuka mapigano mjini Kasese baina ya askari wa serikali na walinzi wa ufalme, na vituo kadhaa vya polisi vikashambuliwa. Siku iliyofuata jeshi na polisi walilivamia jumba la Omusinga huko Buhikira. Shirika la Human Rights Watch, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, lilihesabu watu zaidi ya 150 waliouawa katika siku hizo mbili, wakiwamo polisi wasiopungua 14, na wakiwamo watoto. Omusinga alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini na mauaji. Mashtaka yaliondolewa Juni 2023, naye akarudi Kasese Oktoba ya mwaka huo.

Tunayataja haya katika kipindi cha askari kwa sababu askari atayakuta huko, ama atamkiwe ama asitamkiwe. Atakapoingia dukani kununua sabuni, mwenye duka aweza kuwa ni mama aliyempoteza mwana Buhikira. Naye konstebo mwenzake kituoni aweza kuwa ni yule aliyemzika rafiki yake aliyekatwa kwa panga akiwa lindoni. Wote wawili wana huzuni ya kweli. Kituo ambacho askari wake hujua upande mmoja tu wa hesabu hiyo huwa hakielewi kwa nini watoto hukimbia wanapoona gari lake, wala kwa nini shauri dogo la ng'ombe aliyeingia shambani hugeuka kuwa shauri la kabila zima.

Na mashauri ya ng'ombe na mashamba ni mengi. Ardhi tambarare ya Kasese ni finyu kuliko ionekanavyo machoni. Sehemu kubwa ya uwanda iliingizwa katika hifadhi ya wanyama ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na Wasongora wakapoteza malisho yao ya kale. Wengi walivuka na mifugo hadi Kongo. Kati ya mwaka 2006 na 2007 walifukuzwa huko, wakarudi na maelfu ya ng'ombe katika nchi ambayo sasa ilikuwa imejaa wakulima. Serikali iliigawa ardhi baina ya pande mbili, na mgawo huo haukumridhisha kila mtu. Polisi aitwaye kuamua ugomvi wa namna hiyo asidhani kwamba umeanza asubuhi ile.

Tukienda kusini kwa barabara ya Bwera, tunavuka mstari wa Ikweta, tunafika Kikorongo, na kushoto kwetu iko njia ya Katwe. Ziwa dogo la Katwe limo ndani ya shimo la volkano, na chumvi yake ilipiganiwa na wafalme kabla Lugard hajajenga ngome hapo. Kilijengwa kiwanda cha kisasa, lakini maji yale makali yaliyatafuna mabomba yake na kazi ikasimama. Wanaume na wanawake wa Katwe wakaendelea kuvuna chumvi kwa mikono, wakisimama ndani ya maji kama babu zao. Hatutakawia hapo, wala kwenye pamba ya Nyakatonzi wala saruji ya Hima, ingawa kila kimoja kingestahili mazungumzo yake.

Bwera yenyewe ni mji wa mpakani, na mpaka hasa uko Mpondwe, kwenye mto Lhubiriha. Wakati wa kiangazi mto huo huvukwa kwa miguu mahali pengi. Soko la Mpondwe ni kubwa sana, na Kiswahili ndicho lugha ya biashara yake, kwa maana Wakongo wa upande ule hukizungumza kama maji. Askari wa Uganda ana bahati hapa, maana anayo tayari lugha ya kuongea na watu. Hata hivyo inampasa akumbuke kwamba kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili kilisikika kwanza kama lugha ya amri kizuizini. Sauti ya kuulizia bei ya samaki na sauti ya kusema "kaa chini" hutumia maneno ya lugha moja, na wasikiao huzitofautisha upesi. Askari akijua na neno "wasingya", ambalo ni asante kwa Lukonzo, atakuwa amepunguza nusu ya safari.

Mpaka huo umeleta misiba. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe na Bwera, na kwa miaka kadhaa iliyofuata familia za milimani zililala makambini. Jeshi liliwaondoa waasi hao mlimani, lakini hawakwisha. Walijikita katika misitu ya Kongo, wakawaua huko maelfu ya watu, wengi wao Wanande. Novemba 2021 jeshi la Uganda liliingia Kongo kwa mapatano na serikali ya huko kuwafuata. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 kikundi chao kilivuka tena, kikaingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka, kikaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini. Baadhi ya watoto waliteketea kwa moto. Yeyote alindaye mstari ule leo analinda mahali ambapo jambo hilo limekwisha kutukia, na wazazi wa watoto hao ndio watu wapitao mbele ya kizuizi chake wakienda sokoni.

Wazazi hao hao, na wachuuzi na wachunga mbuzi, ndio wa kwanza kumwona mgeni kwenye kijia cha mlimani. Mwanamke abebaye ndizi kutoka Kongo bila karatasi anaweza kuwa mvunja sheria ya forodha. Anaweza pia kuwa ndiye aliyekutana alfajiri na watu saba wenye viatu vya mpira na mizigo mizito. Akinyang'anywa ndizi zake na askari, habari ya wale watu saba ataondoka nayo.

Mwezi Juni 2019 mpaka huo ulipitisha adui wa namna nyingine. Familia moja iliyotoka kuzika jamaa huko Kongo iliingia wilayani na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Alipokewa katika hospitali ya Kagando, kisha akapelekwa Bwera, na ugonjwa wake ukathibitishwa kuwa Ebola. Yeye na wawili wa jamaa zake walifariki, lakini ugonjwa haukuenea Uganda safari ile, kwa sababu wauguzi walikuwa wameandaliwa mapema na mpaka ulikuwa na watu wa kupima joto la wasafiri. Kizuizi kilichosimamia sabuni na maji kilifanya kazi ya ulinzi kama kizuizi chochote cha bunduki.

Ndugu msikilizaji, tumeacha mito hadi sasa kwa makusudi, kwani ndiyo inayoua watu wa Kasese mara nyingi zaidi siku hizi za amani. Nyamwamba huanza juu mlimani, hupita katika bonde jembamba la Kilembe, hukata mji wa Kasese na kumalizikia Ziwa George. Kilembe ni mji wa shaba. Mgodi ulichimbwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1956, mwaka ambao reli kutoka Kampala ilifika Kasese kwa ajili yake, hadi mwaka 1982 uzalishaji uliposimama. Treni nazo zikaja kukoma. Zilibaki nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari kando ya mto, hospitali, na milima ya mabaki ya mgodi iliyorundikwa ukingoni.

Mto wa namna hii hauhitaji mvua kunyesha mahali ulipo. Mvua ikishika juu, kwenye miteremko mikali, maji hushuka pamoja na mawe makubwa kama magari, na mtu wa chini huona jua likiwaka. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika, ikabomoa nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Ilirudia mwaka 2014. Mei 2020 mito minne au mitano ya wilaya ilifurika kwa siku chache zilizofuatana, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Mito hiyo, mbali na Nyamwamba, ni pamoja na Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha. Na gombolola ya Rukoki, tulikoanzia mazungumzo haya, ilipata msiba wake Septemba 2022, pale mteremko wa kijiji cha Kasika ulipoporomoka usiku baada ya mvua kubwa na kuwafukia watu wapatao 15, wengi wao wanawake na watoto.

Kwa nini watu hujenga mahali kama pale? Swali hilo huulizwa sana na wageni, na mara nyingi kwa lawama. Jibu limo katika yale tuliyokwisha kusema. Uwandani kuna hifadhi, kuna ng'ombe, kuna mashamba ya wengine na ardhi ya kiwanda. Familia yenye watoto sita hugawa shamba la babu mara sita, na mgawo wa sita huangukia mteremko ambao babu aliuacha msitu kwa kuwa aliujua. Serikali inaweza kukataza kulima hapo, na imekataza mahali pengi. Lakini askari atumwaye kumwondoa mtu mteremkoni yafaa awe na jibu la swali atakaloulizwa: niende wapi?

Kwa kazi yake mwenyewe, askari ayajue majira. Mvua kubwa za Kasese ni mbili: Machi hadi Mei, na Agosti hadi Novemba. Maji ya mto yakibadilika ghafla kuwa mekundu na mazito, au yakipungua ghafla wakati mvua inanyesha juu, maana yake yaweza kuwa magogo na mawe yameziba mahali fulani mlimani na yatafunguka wakati wowote. Wazee wa Kilembe huisikia sauti ya mawe yakigongana kabla maji hayajaonekana, na husema kwamba harufu ya udongo hutangulia. Kituo chenye filimbi, tochi, orodha ya nyumba zilizo ukingoni na namba za simu za wenyeviti wa vijiji vya juu kinaweza kuamsha mtaa mzima kwa robo saa.

Baadhi ya waliopoteza nyumba zao katika mafuriko ya mwaka 2020 walipelekwa kambini Muhokya, kusini ya mji wa Kasese, wakakaa huko miaka mingi chini ya turubai wakingoja ardhi waliyoahidiwa. Barabara ya kwenda Bwera hupita hapo hapo, na askari waliobadilishana zamu za mpakani waliiona kambi hiyo dirishani mwa lori.